Pikipiki Ndefu ya Kichina: Pesa ya Mwanzo Isiende Kwenye Redio



Alhamisi hii niliahidi kuendelea na homa za watoto. Homa zitasubiri wiki moja, kwa sababu tangu nilipoweka ile picha ya pikipiki ya nyumbani kwetu, meseji hazikatiki na suali ni lile lile. Mume yuko Muscat, au kaka yuko Dubai, kajikusanyia kidogo kidogo, sasa anataka kuinunulia familia pikipiki mpya ya Kichina. Siyo ile ya kawaida. Ile ndefu, ya mtindo wa kukanyaga matope, tairi za meno, madigadi ya mbele imepaa juu. Ni mpya, bei inashikika, na njia ya kwetu shamba ni mawe matupu. "Nesi, unasemaje? Tununue au tusinunue?"

Nasema nunueni.

Najua wapo wenzangu wa kazi watakaonishangaa. Ukikaa zamu za usiku unaona pikipiki zinaleta nini, na wengine wamefika mahali wanasema kitu hiki kisiingie nyumbani kabisa. Mimi siwezi kusema hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Mwalimu anayefundisha skuli ya Kizimkazi na anaishi Fuoni atakwenda kwa nini? Mama aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku huko ndani ya Muyuni, daladala ya kwanza ni alfajiri, nani atatoka kwenda kutafuta gari? Hata malaria kisiwani hapa ilipiganwa kwa pikipiki: wale maafisa wa ufuatiliaji wanaofika nyumba hadi nyumba kumpima kila mtu pale mgonjwa mmoja anapogundulika, hawakufika kwa miguu. Tusitukane chombo tunachokitegemea.

Na neno "Kichina" pekee yake halinitishi. Fundi wetu, mzee mmoja anayejua Vespa za Mji Mkongwe kuliko anavyojua wajukuu zake, aliwahi kunieleza kitu nikakipenda. Injini nyingi za pikipiki za Kichina, hasa za saizi ya 125 na 150, ni kizazi cha Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Wajapani waliibuni makusudi kwa nchi kama zetu, ambako pikipiki inabebeshwa magunia na oili inasahauliwa. Wachina wakaichukua wakaizalisha mpaka leo. Kwa hiyo injini ni kitu cha zamani kilichokwisha kujaribiwa, spea zipo Darajani, zipo Mwanakwerekwe, na kila fundi anaijua kwa kuipapasa tu.

Urahisi wake umefichwa kwengine. Umefichwa kwenye nati ambayo haikukazwa, beringi iliyotiwa grisi kwa kuonjeshwa, mpira wa breki wa bei ya chini, spoki zilizovutwa haraka haraka. Kiwanda kimepunguza hapo, halafu aliyeifungua kwenye boksi na kuiunga amepunguza tena. Ya kwetu alinunua kaka yangu akiwa Muscat, mimi ndiye niliyekwenda dukani, yeye yuko kwenye simu anatazama kwa video. Pikipiki inang'aa, ina plastiki bado kwenye siti. Fundi akainama na spana yake, akashika nati ya gurudumu la nyuma, ikazunguka kwa vidole. Kwa vidole, jamani! Muuzaji akasema, "Hizo huwa tunakaza mteja akishalipa." Duka silitaji, maana sidhani kama ni duka moja tu lenye tabia hiyo.

Basi kabla haijapanda mtu, siku nzima ya fundi ilikwenda pale. Kila nati ikafunguliwa ikatiwa gundi ya nati ikakazwa upya. Beringi za usukani na za magurudumu zikafunguliwa zikatiwa grisi ya kweli. Spoki zikagongwa moja moja kwa kijiti, yenye mlio wa kulegea ikavutwa. Oili ya kiwandani ikamwagwa mapema, kwenye kilomita 300, kwa sababu ile ya mwanzo inabeba vumbi la chuma la injini mpya. Baada ya kilomita 500 cheni na spoki zikaangaliwa tena, maana vitu hivi vipya hujinyoosha. Nyinyi wa pwani ya mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu, ongezeni na jengine: maji matamu kila ikirudi, hasa kama imepita mchangani. Chumvi inakula spoki na nyaya za breki, utaiona rangi nzuri kumbe ndani ni kutu.

Na zile tairi za meno. Zinapendeza, nakubali. Lakini mtu wa Makunduchi anayefanya kazi Mjini anapita lami kama kilomita 60 kwenda na kama hizo kurudi. Mawe yake ni yale ya kuingilia nyumbani tu. Tairi ya meno makubwa inagusa lami kwa ncha. Mvua ya masika ya mwanzo, ile inayoinua mafuta na vumbi barabarani, inateleza kama sabuni. Zipo tairi za nusu kwa nusu, meno mafupi yaliyokaribiana. Hizo ndizo za kisiwa hiki. Ukibadilisha kitu kimoja tu cha kiufundi, badilisha tairi, na pili pedi za breki ya mbele, kwa sababu breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha chombo.

Hayo ya fundi yamekwisha. Sasa nakuja kwenye yangu, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Pikipiki ndefu ya aina hii ilibuniwa kwa mwanamme mmoja, kavaa suruali na viatu vya ngozi, anacheza matopeni. Peke yake. Madigadi yamewekwa juu ili matope yasigande, kwa hiyo gurudumu la nyuma liko wazi kabisa. Bomba la moshi limepandishwa juu ili lisiingie maji, kwa hiyo linapita palepale penye mguu wa abiria. Siti iko juu, kwa hiyo ukiteleza unaanguka kutoka mbali. Hakuna kosa hapo, kwa kazi yake imekaa sawa. Ila sisi tunaichukua tunampandisha nyuma mama mwenye buibui, kakaa upande, mtoto mchanga mkononi, na mtoto wa miaka minne kakaa mbele juu ya tangi kashika usukani. Kiwanda hakikutuwazia hata kidogo.

Buibui ndilo linaloniumiza zaidi, maana linazuilika kwa kipande cha bati. Wengi mnadhani nguo ikinaswa itachanika tu. Haichaniki. Kitambaa cha buibui la siku hizi ni kigumu kuliko mnavyofikiri, na mtandio ni mrefu, na gurudumu linazunguka mara nyingi kwa kila sekunde. Linavuta. Mama anatolewa kwenye siti kwa nguvu ya injini, anaanguka kwa mgongo au kwa kisogo. Mtandio ukiwa umezungushwa shingoni ni shingo inayovutwa. Nimewahi kumshikilia mkono mama mmoja wakati tunamkata nguo zake, na alichokuwa akisema ni kuniomba radhi kwamba buibui lenyewe ni la kuazima.

Wahindi waliona jambo hili kwa sari za wake zao. Kanuni zao za vyombo vya moto za mwaka 1989 zinataka pikipiki iwe na kizuizi kinachofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma, pamoja na mahali pa abiria kushika na pa kukanyaga. Ndiyo maana Boxer na TVS nyingi mnazoziona mitaani zina ule uzio wa chuma upande wa kushoto ambao vijana wetu wanaung'oa, eti unaharibu sura! Nikiona kijana anaung'oa natamani nimpeleke wodini saa moja tu akatazame.

Kwa pikipiki ndefu uzio huo haupo, lakini fundi wa kuchomelea yeyote, Mwanakwerekwe au Amani, anautengeneza kwa nondo nyembamba na wavu wa chuma. Wa kwetu alitengeneza kwa mchana mmoja, pande zote mbili, na juu yake akaongeza vyuma viwili vya kushika. Cheni nayo ikafunikwa kava zima. Mume wangu alisema sasa pikipiki inafanana na kizimba cha kuku. Nikamwambia vizuri, maana mimi ndiye kuku mwenyewe.

Halafu kaeni kwa kutandaza miguu, mguu huku na mguu huku. Najua nitasemwa. Bibi zetu walikaa upande kwenye baiskeli na ndivyo tulivyofunzwa kuwa inapendeza. Vaa suruali pana chini ya buibui, kunja buibui ulikalie, mtandio uingize ndani ya nguo. Stara haikupotea, na una miguu miwili ya kukanyagia badala ya kuning'inia kama mkoba.

Lile bomba la juu lifungwe ngao ya bati yenye nafasi ya hewa katikati, isiwe inaligusa. Bado mtoto ataungua siku moja, watoto ni watoto. Akiungua, maji. Maji ya bomba ya kawaida yanayopita, dakika 20 kamili kwa saa, siyo kumwagia kikombe kimoja. Vua bangili na kikuku kabla havijabana kwa uvimbe. Kisha funika kwa kitambaa safi, njoo. Dawa ya meno, ute wa yai, mafuta ya nazi, unga wa ngano, vyote hivyo tunakuja kuvisugua sisi kwenye kidonda kibichi huku mtoto analia, na anayelia zaidi ni mama yake.

Kuhusu watoto sina maneno mengi. Mtoto ambaye nyayo zake hazifiki kwenye vyuma vya kukanyagia asikae nyuma, kwa sababu mguu unaoning'inia unatafuta spoki, na spoki zikikamata kisigino zinakichuna mpaka kwenye mfupa. Asikae mbele juu ya tangi pia. Mnasema mbele unamuona. Ndiyo, unamuona, na mkigonga yeye ndiye mto wa baba yake. Mtoto mchanga apande daladala, hata kama ni kwa kubanana, hata kama utachelewa kliniki. Nesi akikugombeza kwa kuchelewa mwambie umesoma kwangu.

Mjamzito, miezi ya mwisho tumbo linabadilisha mizani ya mwili na ile siti iko juu mno. Mimi nisingepanda. Lakini najua maisha, utapanda. Basi sheria moja usiivunje: ukianguka, hata kidogo, hata ukainuka ukacheka, njoo hospitali siku ile ile. Kondo la nyuma linaweza kuachia kwa kishindo tu, na damu ikabaki ndani isionekane. Usisubiri maumivu. Usisubiri kuona kama mtoto anacheza.

Sasa helmeti. Mwaka 1935 askari na mwandishi maarufu wa Kiingereza, T. E. Lawrence, alikuwa juu ya pikipiki yake, akawakwepa watoto wawili wa baiskeli, akaanguka. Kichwa kitupu. Alikufa baada ya siku sita. Miongoni mwa madaktari walioitwa alikuwepo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo, na jambo lile halikumtoka moyoni. Akaanza kufuatilia wapanda pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 akachapisha alichokiona kuhusu waliovaa kofia na wasiovaa. Jeshi la Uingereza likawalazimisha wapeleka barua wake wavae. Raia walisubiri sheria mpaka 1973, kwa hiyo msifikiri ubishi ni wetu peke yetu. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2008, uliokusanya tafiti 61, ulikuta helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Dawa ngapi nazokupeni wodini zinafika hapo?

Ila iwe helmeti. Siyo ile bakuli la plastiki lenye sponji ndani, linalovaliwa kwa ajili ya askari wa barabarani. Tazama ndani: kuna tabaka nene la foma ngumu, kama ile ya maboksi ya samaki, chini ya kitambaa? Kama hakuna, umenunua kofia ya jua. Ivae, funga ukanda, mwambie mtu aishike nyuma aivute kuja mbele. Ikitoka, rudisha. Na ikishawahi kugonga chini kwa nguvu kazi yake imekwisha, hata kama haina ufa.

Kwa sisi wa hijabu kuna jambo ambalo wanaume hawatakuelezeni. Lile fundo la nywele juu ya kichwa, pamoja na ushungi mzito na pini zake, linainua helmeti ikakaa kama sufuria juu ya figa. Ukianguka inatoka mwanzo kabla yako. Shusha fundo chini kabisa, karibu na shingo. Vaa kikofia chepesi cha kitambaa kisicho na pini, helmeti juu yake, ukanda ubane chini ya kidevu. Ushungi wako uwe mkobani, ukifika unajitanda. Mimi nafanya hivyo kila zamu na inachukua dakika mbili.

Mtaniuliza pesa itatoka wapi. Itatoka hapo hapo inapotoka ya redio. Nawaona vijana wetu: pikipiki haijatimiza wiki, ina spika mbili, taa za rangi chini ya tangi, bomba limebadilishwa ili ilie mtaa mzima wa Kikwajuni uamke, na vioo vya pembeni vimeng'olewa. Pesa ya helmeti mbili nzuri imeshakwenda hapo, na tairi ni zile zile za kiwandani. Halafu zinakuja siku nne za sikukuu, watu wote wanapelekwa Mnazi Mmoja na Kariakoo, wanne kwa pikipiki moja, watoto wamependezeshwa hata huthubutu kuwavalisha helmeti ikaharibu nywele. Na kila Ramadhani ile nusu saa kabla ya magharibi, ambapo mtu mwenye njaa anaendesha kama futari itakimbia.

Kwa hiyo wewe ambaye mume yuko Muscat, mwambie hivi. Asitume pesa yote ya pikipiki ikaishia dukani. Katika kila sehemu kumi, mbili zibaki mkononi mwako wewe, siyo kwa shemeji, siyo kwa rafiki yake wa utotoni anayejua duka. Hizo mbili ni za tairi, pedi, uzio wa gurudumu, ngao ya bomba, siku moja ya fundi, na helmeti kwa kila kichwa kitakachopanda, chako cha kwanza. Kama kwa hesabu hiyo pesa haitoshi pikipiki ile, basi achukue ndogo ya chini, ya kawaida, yenye uzio wake tayari. Haitapendeza kwenye picha, ila utaweza kuipanda bila ngazi.

Na leseni na bima viwepo kabla haijatoka nje, maana aliyeko Muscat hawezi kukuombea radhi kituo cha polisi kwa video.

Wenye fundi mzuri wa kuchomelea uzio huko Mkokotoni na upande wa Nungwi niandikieni, nina mama wawili wa Kaskazini wanatafuta. Picha ya kizimba chetu cha kuku nitaiweka kesho mchana nikitoka zamu, pande zote mbili, na vipimo vyake, mumuonyeshe fundi wenu. Alhamisi ijayo, inshallah, homa.